Waya wa Fanuel

Olmotonyi
16 Februari 1997

Shemeji Elinami,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Derick hamjambo na watoto wanaendelea na masomo. Sisi huku hatujambo. Elinaza amerudi shuleni, mimi nimebaki na ng'ombe na kuku, na nyumba imekuwa na nafasi nyingi.

Nimeona nikuandikie kwa sababu siku ile ya kugawa vitu vya marehemu watu walikuwa wengi na sikupata nafasi ya kukushukuru. Umemzika mdogo wako vizuri na kila mtu ameliona hilo. Koti lake la mvua ulilopewa, ukilivaa, angalia mfuko wa ndani wa kushoto. Una tundu. Fanuel alikuwa anapotezea funguo humo, anatafuta nyumba nzima, halafu anazikuta zimeshuka kwenye pindo la chini. Siku zote nilikuwa nasema nitaushona, nikawa naahirisha.

Televisheni natumaini ilifika salama Moshono. Baba mdogo Lemburis aliposema haifai kubaki kwenye nyumba ya mjane, kwamba majirani watakuwa wanakuja jioni na maneno yatafuata, sikusema neno, na sasa pia sisemi. Pengine ni kweli. Walikuwa wanajaa hapa mpaka wengine wanakalia magunia ya mahindi. Ila naomba uwe unaifunika na kile kitambaa cha maua nilichokiweka ndani ya boksi. Fanuel hakupenda vumbi liingie kwenye matundu ya nyuma.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Mika wa maziwa. Yeye hushuka mjini kila siku, na ukiwa na neno mpe yeye.

Nawasalimu wote.

Shemeji yako,
Tabitha


Moshono
2 Machi 1997

Shemeji Tabitha,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sisi ni wazima. Tundu la mfukoni nimeliona.

Televisheni ilifika bila kuvunjika, na kitambaa tunakitumia. Tatizo ni picha. Hapa kwangu ni chenga tupu. Mtangazaji wa Nairobi tunamsikia kwa mbali, lakini uso wake ni kama mtu aliyemwagiwa unga. Nimenunua antena mpya na bomba refu kuliko lile la kwenu. Fundi amekuja, amepanda, ameshuka, ameondoka.

Nimefikiri sana nikaona kilichobaki ni waya. Huu wangu ni wa kawaida, wa pale sokoni. Ukoo mzima unajua kwamba picha ya Fanuel ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote, hata ya wale wenye maduka mjini, na ukoo mzima unajua kwamba waya wake aliufuata Nairobi, waya mzito wa bei mbaya. Aliporudi nao nilimcheka. Nilimwambia, "Wewe umenunua waya au umeoa tena?" Akaniambia, "Kaka, subiri uone." Na kweli tukaona.

Kwa hiyo naomba unipatie ule waya. Kwa haki ulikuwa uje pamoja na televisheni siku ile, ni vile tu watu walisahau kuufungua. Kwako hauna kazi tena. Umkabidhi Mika.

Msalimie Elinaza ukimwandikia.

Shemeji yako,
Elinami


Olmotonyi
13 Machi 1997

Shemeji Elinami,

Shikamoo. Pole kwa chenga.

Waya nimekwenda kuuangalia tena baada ya kusoma barua yako. Unatoka dirishani, unapita chini ya bati, unavuka migomba yote mpaka kwenye ule mgrevilea wa mpakani ambako antena imefungwa juu. Ni mrefu kuliko nilivyokuwa nadhani. Fanuel aliufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kipande hapa, kipande pale, ili upepo usiuchezee. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, unakumbuka, kwa hiyo mafundo yake yote yamegeukia upande ambao mtu mwingine asingeugeuzia.

Mvua zimeanza na mti unateleza, sina mtu wa kumpandisha kwa sasa.

Halafu shemeji, nitasema ukweli, usinichukie. Asubuhi nikifungua dirisha kitu cha kwanza ninachokiona ni fundo la kwanza. Nguo zake zimeondoka, na ilikuwa halali ziondoke, ndivyo tunavyofanya. Baiskeli imeondoka. Televisheni imeondoka. Kazi ya mikono yake iliyobaki hapa nje ni ule waya na banda la kuku, na banda linavuja.

Huko mjini siku hizi watu wanasema kila kitu kipo madukani. Huwezi kupata mwingine kama huo?

Nakuomba tu, sikukatalii.

Tabitha


Moshono
23 Machi 1997

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili na sijakuelewa. Waya si picha ya kutundika ukutani. Ni kifaa, na kifaa kinakwenda na mashine yake. Mtu akirithi baiskeli haachi mnyororo wake kwa jirani.

Baba mdogo Lemburis alipita hapa Jumatano akaniuliza mbona televisheni imefunikwa. Nilimwambia kuna kitu kidogo kinakosekana. Sikumwambia kiko wapi. Sipendi jambo la waya liwafikishe watu kukaa kikao.

Mika atapita kwako Jumamosi.

Elinami


Olmotonyi
29 Machi 1997

Shemeji Elinami,

Shikamoo. Mika anasubiri hapa nje na gari halijazimwa, kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Waya umo ndani ya kiroba. Nimeufungua mwenyewe kwa ngazi, sikukata hata fundo moja. Pale mtini nimeuchomoa tu kwenye antena. Antena na bomba lake nimeziacha juu, kile kipande cha tyubu kinacholishika bomba sikuweza kukifungua. Vipande vingine nimeviweka hapa kwangu kwenye kopo la biskuti.

Tafadhali usiukunje kwa nguvu. Fanuel alikuwa anasema waya ukivunjwa shingo hauponi.

Pasaka njema kwenu nyote.

Tabitha


Moshono
20 Aprili 1997

Shemeji Tabitha,

Nilikuwa sitaki kuandika mpaka nipate uhakika. Sasa ninao.

Waya tumeufunga. Picha ni ile ile, chenga zile zile. Nimemlipa fundi mwingine, naye amegeuza antena pande zote. Jana nimeukagua waya wote kwa mkono, nikakuta katikati umekatwa na kuungwa tena. Umezungushiwa utepe mweusi na mfuko wa nailoni, kazi ya mtu ambaye si fundi. Waya wa namna hii ukishakatwa na kuungwa ovyo hakuna kitu tena.

Sikutuhumu. Lakini waya wa Fanuel mimi naujua ulikuwa mzima, aliuleta hapa kwangu kwanza alipotoka Nairobi, tukaukunjua sebuleni. Naomba uniambie kilichotokea. Kama kuna kipande kimebaki huko, sema. Kama ulikuwa hutaki kuutoa ungeniambia hutaki.

Elinami


Olmotonyi
27 Aprili 1997

Shemeji Elinami,

Shikamoo.

Hakuna kipande kilichobaki.

Aliyeukata ni mimi, lakini si sasa. Ni mwaka juzi, mwezi wa sita. Nilikuwa nakata majani ya mgomba ya ng'ombe, panga likapita. Niliposikia waya umelia nilikaa chini palepale shambani. Nilijua bei yake na nilijua safari yake. Fanuel alivyorudi kutoka kazini, kwenye miche ya chuo cha misitu, akanikuta bado nimekaa. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwonyesha. Akaangalia ule mkato, akasema, "Umekata vizuri. Hata daktari asingekata hivi." Akaenda kuchukua utepe na kisu, akaunga kwa ule mkono wake wa kushoto, akafunga na mfuko wa sukari ili maji yasiingie. Unaoushika wewe ni mfuko huo.

Jioni ile tukawasha. Nilikuwa naogopa kuangalia. Picha ilikuwa ile ile, shemeji. Na wewe ulikuja Jumapili iliyofuata, ukakaa kwenye kiti chako karibu na redio, ukatazama mieleka mpaka mwisho, ukasema, "Huu waya wa Fanuel ni kiboko." Yeye alinikonyeza. Hatukukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Kwa hiyo sijui kama ni waya. Mimi shule yangu ni ndogo, lakini nakuambia nilichokiona. Waya mzima na waya wenye kiraka vilitupa picha moja.

Na kuna jambo lingine hukuwahi kuliona, kwa sababu ulikuwa unafika picha imeshatulia, unapewa chai. Picha ilikuwa inatafutwa. Upepo wa huku unageuza antena kila siku. Ikikaribia saa ya taarifa ya habari Fanuel anatoka, analishika lile bomba, mimi nasimama dirishani.

"Vipi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Imekuja sauti, mtu hayupo."

"Na sasa?"

"Hapo! Hapo hapo! Aa, umepita. Rudi kidogo."

"Tabitha, nimeshaota mizizi huku."

Mvua ikinyesha anavaa lile koti. Majirani wakiwa wengi wote wanapiga kelele, huyu hapo, huyu bado, mpaka anasema nataka kumsikia Tabitha peke yake, wengine nyamazeni.

Mimi habari za Nairobi sikuzifuata sana. Hata majina ya mawaziri wao siyajui.

Umesema ningekuambia sitaki. Nilikuambia, shemeji. Barua ya mwezi wa tatu isome tena.

Tabitha


Moshono
18 Mei 1997

Mama Elinaza mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu Fransiska. Najua kwenye mambo ya nyumbani kwenu mimi ni wa kuja, Mkatoliki wa kutoka Rombo, na huwa siingizi mkono. Leo naingiza.

Barua yako Baba Derick aliipata. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye koti la Fanuel. Halafu kesho yake akashuka mjini. Nikajua ameenda kukaa na kufikiri. Kumbe ameenda dukani! Kuna duka jipya la vitu vya Dubai, na mle kuna kijana muuzaji ana mdomo kama asali. Kamwambia mzee wangu, "Mzee, hizo nyaya zote ulizonazo ni kamba za mbuzi. Huu hapa una ncha za dhahabu. Ukifunga huu utaona mpaka jasho la mtangazaji." Baba Derick akanunua. Bei sikutajii, utashindwa kula.

Akafunga, tukawasha. Akaegemea kitini, akasema, "Unaona? Chenga zimepungua." Nikamwambia, "Baba Derick, chenga ni zile zile, ila leo zimevaa nguo za harusi."

Akakasirika. Akasema mimi sina jicho, kwamba mtu mwenye jicho anaona tofauti. Basi nikamwambia haya, tupime. Geuka uangalie ukutani. Mimi nitabadilisha nyaya, wa sokoni, wa Fanuel na huu wa dhahabu, halafu nikikuambia geuka unitajie upi ni upi. Watoto wakafurahi, wakasema baba aandikiwe maksi.

Wa kwanza nikafunga ule wa dhahabu. Akageuka, akaangalia. "Huu ni wa sokoni, chenga hizi ni za kishamba." Watoto wakacheka mpaka Derick akaanguka kwenye mkeka.

Nikafunga mwingine. Akageuka. Akasogeza kiti mbele. Akasema, "Huu ndio. Huu ni wa Fanuel. Mtu asinidanganye, nautambua." Na alikuwa anatabasamu, Mama Elinaza, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaanza kuwaambia watoto, "Mnaona anavyotulia? Mnaona? Hivi ndivyo ilivyokuwa kule."

Ulikuwa ni wa sokoni. Na kwenye kioo hakukuwa na kitu chochote, ni unga tu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimcheke. Nikaufunga. Nikamwambia, "Umepatia." Derick akataka kusema, nikamfinya.

Siku hizi Jumapili tukitoka ibadani, yeye kwake mimi kwangu, anakula, anavaa viatu kama mtu anayetaka kutoka. Ndiyo saa aliyokuwa anakuja huko kwenu. Anasimama mlangoni, halafu anavua viatu, anakwenda kukaa mbele ya hizo chenga. Nimemwuliza, "Kwa nini usiende kumsalimia Tabitha?" Akasema, "Niende nikakae wapi?" Nikasema, "Kiti chako kipo." Akaongeza sauti ya televisheni.

Sasa nimekuambia. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Wako,
Fransiska


Olmotonyi
25 Mei 1997

Mama Derick,

Asante kwa barua. Nimecheka kwenye dhahabu, halafu mbele nikaacha.

Ulifanya vizuri kumwambia amepatia. Na mimi ningesema hivyo.

Kiti kipo. Sijakisogeza.

Tabitha


Moshono
22 Juni 1997

Shemeji Tabitha,

Nimechelewa kukujibu. Barua yako ya mwezi wa nne ninayo, na ile ya mwezi wa tatu nimeisoma tena kama ulivyosema. Uliniambia. Mimi ndiye sikusikia. Nisamehe, na kwa neno la kiraka nisamehe zaidi.

Mama Derick amekuandikia. Bahasha moja niliikosa kwenye droo na yeye hana mtu mwingine wa kumwandikia. Amenieleza mwenyewe juzi kuhusu ule mchezo wa nyaya. Basi ujue ni kweli.

Nikueleze nilichokigundua, maana kilinisumbua. Ulisema waya mzima na waya wenye kiraka vilikupa picha moja. Mimi nimefanya kazi ya hesabu miaka yote, na nikaona kama ni hivyo basi jibu haliko kwenye waya, nimekuwa nalitafuta mahali ambapo halipo. Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki barazani. Nikatazama antena yangu inaelekea wapi. Inaelekea Nairobi, kama mafundi wote walivyoiweka. Na mbele yake, kuanzia kwenye paa la jirani mpaka mawinguni, umesimama Mlima Meru. Nimejenga hapa miaka kumi na moja na haikunijia. Huku Moshono mlima umetuziba kabisa. Huko kwenu uko pembeni, mkono wa kulia, na mbele ni wazi mpaka Longido.

Nilimwuliza yule fundi wa pili. Akasema, "Kwani mzee hukujua?" Nikamwuliza kwa nini alichukua hela yangu. Akasema nilimwita kufunga waya, sikumwita kuhamisha mlima.

Akanieleza kwamba waya unabeba kile tu ambacho antena imekamata. Kama haikukamata kitu, hata uwe na ncha za dhahabu utabeba chenga. Ila mzito una faida kama safari ni ndefu, kama ile ya kutoka mtini kuvuka migomba, kwa sababu mwembamba unapoteza nguvu njiani. Kwa hiyo Fanuel hakukosea kuununua. Kwake ulikuwa na kazi. Kwangu antena iko juu ya choo cha nje, pale pale, wowote ungetosha.

Ningeweza kuyajua haya yote bila kukusumbua, kama ningekuja kukaa nikaangalia. Sikuja. Nilidhani nikiwa na televisheni yake na waya wake, Jumapili ingekuwa Jumapili hapa hapa.

Waya unarudi. Televisheni nayo inarudi. Nimekwenda kwa baba mdogo Lemburis kumwambia. Akasema, "Na wanaume wakijaa pale?" Nikamwambia siku ya Jumapili mmoja wao nitakuwa mimi, atakayekuja na maneno aje nayo kwangu. Akasema basi watoto wa jirani zako nao waruhusiwe, maana walikuwa wanamfuata yeye kwake kuomba aamue turudishe televisheni. Kumbe hata yeye alikuwa amechoka.

Tutakuja Jumapili ya tarehe sita, mimi na Mama Derick, na gari la Mika. Andaa lile kopo la biskuti.

Shemeji yako,
Elinami


Olmotonyi
10 Julai 1997

Shemeji Elinami,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na ukungu ule. Mika ananiambia mlikwenda polepole mpaka Ngaramtoni.

Nakushukuru kwa kazi. Waya umekaa vizuri. Mafundo yako yanageukia upande wa kawaida, na nikifungua dirisha naona kwamba si yeye aliyefunga. Nimeangalia siku nne sasa na nimeanza kuyazoea. Vile vipande vya tyubu ni vile vile. Na kile cha juu, kinachoshika bomba, bado ni cha Fanuel, kwa sababu hata wewe umeshindwa kukifungua.

Mfuko wa koti nimeushona wakati mnakunywa chai. Nilikuona unapapasa pindo la chini kutafuta funguo nikachukua sindano. Sasa weka chochote, hakitashuka.

Nataka nikuambie jambo moja kabla Mama Derick hajakuambia, maana alikuwa amekaa pale na aliona.

Ulipotoka kwenda kulishika bomba, picha ilikuja mapema. Uliligeuza mara ya pili tu, mtangazaji akatokea mzima, hata mistari ya tai yake naihesabu. Ukauliza, "Vipi?" Na mimi nikasema, "Bado."

Mama Derick akanitazama. Sikumtazama.

Ukageuza tena, ikapotea, ikarudi. "Sasa?" Nikasema, "Bado kidogo." Nilikuwa nasikia bomba linavyokwaruza kwenye mti. Tangu Fanuel afariki mwezi wa kumi na moja sikuwa nimeisikia sauti ile, na sikujua kwamba nilikuwa naingojea. Watoto wa jirani wakaanza kusema mama mbona iko safi, nikawaambia nyamazeni. Halafu wewe ukapiga kelele kutoka kule nje, "Shemeji! Mmelala humo ndani?"

Fanuel asingesema hivyo. Lakini sauti ilitoka mahali pale pale.

Ndipo nikasema hapo hapo. Ukaingia umelowa umande mpaka magotini, ukakaa kwenye kiti chako, ukasema, "Huu waya ni kiboko," na Mama Derick akacheka mpaka chai ikamwagika. Nisamehe kwa baridi ile. Ilikuwa mara moja tu, sitarudia. Au pengine nitarudia, lakini si kwa muda mrefu.

Siku za katikati natoka mwenyewe. Nageuza kidogo, nakimbia ndani kuangalia, natoka tena. Elinaza akifunga shule ataniitia dirishani. Kwa sasa nafika mara nyingi taarifa imeshaisha na wanasoma hali ya hewa ya Nairobi, nayo nimeizoea, najua kama Nakuru kuna mvua.

Jumapili ambazo hutaweza kuja sitachukia. Una nyumba yako na mlima wako. Ila ikikaribia saa ya taarifa ya habari, popote utakapokuwa, unikumbuke. Nitakuwa nje nimelishika bomba.

Shemeji yako,
Tabitha